Changarawe ya Orval Boggess

Twyla Boggess alikuwa na shahada tatu za kemia na jina moja la utani, na mjini Tolliver, Oklahoma, hilo la utani ndilo lililojulikana. Walimwita Daktari wa Matope. Baba yake ndiye aliyelianzisha, siku aliyomkuta amepiga magoti nyuma ya kanisa la Wabaptisti, anachota udongo kwa kijiko na kuutia kwenye mfuko wa plastiki.

"Umekaa chuoni miaka tisa," mzee Orval alimwambia, "halafu kazi yenyewe ndiyo hii ya kuku?"

Twyla alicheka, akaandika namba kwenye mfuko, akaendelea kuchota. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na kazi yake aliijua vizuri. Tolliver ilichimbwa madini ya risasi na zinki kwa miaka sabini, na kampuni zilipokwenda zao ziliacha vilima vya changarawe ya kijivu virefu kuliko mnara wa kanisa. Vumbi la vilima hivyo lina risasi, na risasi ikimwingia mtoto mdogo humdumaza akili, wala hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Kwa hiyo Twyla alikuwa anatafuta namna ya kuitibu ardhi kabla mtoto hajaila.

Miaka kumi na moja alichanganya udongo na hiki na kile kwenye ndoo. Kilichomfaa mwishoni ni mboji na unga wa mifupa. Risasi haiondoki, lakini mifupa huishika ikageuka kitu ambacho tumbo la mtoto hukipitisha tu bila kukiingiza kwenye damu. Msimu wa kwanza alipoumwaga unga ule kwenye viwanja vya majaribio, mbwa wote wa Tolliver walisikia harufu ya mifupa wakaja kufukua, na utafiti wa mwaka mzima ukatapakaa barabarani. Watu walicheka mpaka Krismasi. Msimu wa pili alizungushia wavu.

Sasa jimbo lilikuwa limekubali kutibu nyua arobaini kiangazi kile, na orodha ya nyumba ilitakiwa Ijumaa. Twyla alikwisha kuipanga kwa kufuata upepo, zilizo karibu na vilima kwanza. Ndipo zahanati ikampigia simu kuhusu Maisie, kitukuu wa Ruby Tackett, mtoto wa miezi kumi na minne. Damu yake ilikuwa na risasi kupita watoto wote waliopimwa mwaka ule. Na nyumba ya Ruby ilikuwa ng'ambo kabisa ya mji, upande ambao upepo wa vilima haufiki.

Twyla alikwenda Jumatatu asubuhi. Juu ya nyasi kipimo chake cha mkononi hakikuonyesha cha kutisha. Akachimba, na kwenye kina cha kiganja jembe likakwaruza. Akatoa konzi ya changarawe ya kijivu, safi, inayometameta. Hakuhitaji kipimo. Changarawe ile aliijua tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akipanda tipa la baba yake Jumamosi wakienda kuigawa, ingawa nyumba zenyewe hakuzikumbuka tena.

Kwani nani Tolliver asingeichukua? Ilikuwa bure, ilioshwa na maji ya mgodi ikatoka safi, haishiki matope. Watu waliimwaga kwenye njia za magari, chini ya bembea, mahali popote ambapo mama hakutaka mtoto arudi ndani na viatu vichafu. Na Orval, baada ya kazi ya wiki nzima, alijaza tipa akawapelekea wajane, wagonjwa na waliooana juzi, asitake hata asante. Baadaye watu walimwaga udongo juu, wakapanda nyasi, wakasahau. Orval hakusahau. Jina lake zuri mjini lilisimama juu ya changarawe ile, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Jioni ile Twyla alimkuta Orval mezani na Dwight, mdogo wake Twyla, wanakula maharage na mkate wa mahindi. Dwight alikuwa na miaka arobaini na saba, akiishi hapo hapo na baba yake na kufunga magunia kwenye duka la vyakula vya mifugo. Alimaliza kula, akaosha sahani yake, akatoka kwenda kunyoosha miguu.

"Baba," Twyla akasema, "ile changarawe. Nataka unitajie kila nyumba uliyopeleka."

"Ya nini?"

"Ndiyo inayowapa watoto risasi. Iko chini ya nyasi, siwezi kuiona. Mtoto wa kwa Ruby damu yake imechafuka."

Orval aliweka kijiko chini taratibu. "Hebu subiri. Unaniambia nimewapa watu sumu?"

"Sijasema hivyo. Nakuuliza wapi tu. Ijumaa nisipokuwa na orodha, watatibu nyua zisizo na shida, na zenye shida zibaki hivyo hivyo."

"Ruby Tackett alilia siku nilipomletea ile changarawe. Mumewe kafa, uani tope tupu, gari linazama. Alinishika mikono hii akalia! Na leo binti yangu mwenyewe ananiletea ya kuniletea."

"Hukujua, Baba. Hakuna aliyejua."

"Kachote matope yako," akasema mzee, akainuka na kwenda kuwasha televisheni.

Twyla aliosha sufuria. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na huruma, na vyote viwili havikumsaidia kitu. Mji ule haukuwa na kumbukumbu nyingine ya changarawe ile isipokuwa kichwa cha mzee mmoja wa miaka themanini na tatu, na kichwa chenyewe kigumu. Jumanne alipiga simu, hakujibiwa. Jumatano hakupiga. Alishinda akichimba uani mwa watu kwa kubahatisha, mashimo ishirini na sita, akaambulia nyumba mbili.

Alhamisi mchana alipotoka maabarani, alikuta pikapu ya baba yake nje, injini inaunguruma. Orval alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani.

"Panda."

"Tunakwenda wapi?"

"Panda, bwana, petroli inaisha."

Akapanda. Wakaondoka. Kisha mzee akasema, macho yakiwa barabarani, "Nimepitia kwa Ruby. Nilimpelekea nyanya. Nikamkuta yule mtoto amekaa uani kando ya shimo lako, ana kijiko. Anakula, Twyla. Anakula na kucheka."

"Ndivyo watoto walivyo."

"Ruby nimemwambia mwenyewe. Nilidhani atanifukuza. Anasema, 'Orval, mimi ndiye niliyekuomba.' Mama yule! Afadhali angenitukana."

Akasimamisha gari mbele ya nyumba ya matofali. "Hapa. Upande wa nyuma, tipa mbili. Walikuwa wameoana wiki hiyo."

Twyla alishuka, akabisha hodi, akaeleza, akachomeka kibendera cha rangi ya machungwa. Wakasogea. Hapa mume alivunjika mgongo mgodini. Hapa palikuwa na mapacha. Hapa shule ya Jumapili, chini ya bembea zote nne. Mzee hakukosea hata nyumba moja. Aliikumbuka kila tipa na sababu yake, na kila nyumba waliyoiacha nyuma alizidi kupunguza sauti. Zilifika thelathini na moja. Twyla aliandika zote, akamwona baba yake anavyoshika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi, akajizuia kumshika bega.

Alidhani wamemaliza. Orval akaingiza gari kwao, akazima injini, akakaa.

"Na ya thelathini na mbili," akasema.

Walizunguka nyuma. Bembea ilikuwa imekwisha kung'olewa siku nyingi, vyuma viwili tu vilibaki ardhini.

"Wewe ulikuwa mkubwa, kutwa na vitabu vyako ndani," mzee akasema. "Dwight ndiye aliyeshinda hapa. Alikuwa anaanguka anguka, nikaimwaga nene. Kila majira ya kuchipua nilikuwa naongeza." Akagusa chuma kimoja kwa kiatu. "Nilimchapa mkanda, Twyla. Kila ripoti ya shule. Nilimwita mvivu mbele ya watu. Mpaka leo anasoma kwa kufuata kidole. Je, ni hii?"

Swali lile Twyla alikwisha kulijibu mara nyingi, mikutanoni na mabarazani mwa watu. Alikuwa na jibu la kitaalamu, na lilikuwa la kweli.

"Kwa mtu mmoja mmoja hatuwezi kusema, Baba. Sababu ni nyingi."

"Sijamuuliza Daktari wa Matope. Nimekuuliza wewe."

Twyla alitazama vyuma vile. "Nadhani ndiyo," akasema.

Lango likalia. Dwight alikuwa amerudi kutoka kazini, boksi la chakula mkononi, vumbi la pumba mabegani. Aliwaona wawili hao wamesimama kimya uani, akaona sura ya baba yake, akasimama hapo hapo alipo. Mabega yakamshuka.

"Nimefanya nini?" akauliza.

Orval alimsogelea. Akavua kofia. "Hujafanya kitu," akasema. "Hukufanya kitu, mwanangu. Hata siku zile."

Dwight hakuelewa. Alimtazama dada yake apate maelezo, lakini Twyla alikuwa ameinama, anachomeka kibendera ardhini, na changarawe ilikuwa nene kiasi kwamba alilazimika kusukuma kwa mikono yote miwili.