Siku niliyomsimamisha bibi harusi kwa kinanda

Sasa nacheka, lakini mwaka mzima niliona haya kupita karibu na ukumbi ule wa Mji wa Kale. Ilikuwa kupamba kwa mdogo wangu Salma, sherehe ya wanawake peke yao ya kumwonyesha bibi harusi (kwa hivyo hapakuwa hata na mwanamume wa kumsingizia), na mama alitaka tukodi kikundi, lakini Salma akakataa, akasema atakayemtoa mbele ya watu ni dada yake na kinanda chake. Basi nikajifunza wimbo wa kumtoa, kwenye simu, wiki tatu nzima, kodi tatu tu, yaani noti kadhaa za kubonyeza kwa pamoja, C, F na G, na shangazi Rukia alipokuja nyumbani kuuimba tukapatana vizuri sana.

Siku yenyewe shangazi akanijia na leso puani. "Mwanangu, koo lanikwaruza. Nishushie wimbo leo, tuanzie A. Utaweza?"

Ningesema siwezi, yangeishia pale pale. Mimi nikamwambia, "Hilo dogo, shangazi," maana akilini mwangu kushusha ni kubadilisha kodi ya kwanza peke yake, nyingine zikae zilipo (sikujua kwamba kila ufunguo una kodi zake, na ukihamia A wahama na jamii nzima, waenda kwa D na E, ile F na G hamna udugu tena).

Mlango ukafunguliwa, Salma akatokea, kapambwa akapambika, nikabonyeza A, uzuri mtupu, akapiga hatua mbili, kisha nikaingia F na shangazi akanigeukia macho yamemtoka, nikakimbilia G, mambo yakazidi, wanawake kuona aibu ile wakapiga vigelegele ili kuifunika, nami (Mungu anisamehe) nikadhani nashangiliwa, nikaongeza sauti. Salma akasimama katikati ya ukumbi, hajui mguu auweke wapi. Mama akaja, akachomoa waya ukutani, na mdogo wangu akafika jukwaani kwa makofi.

Niliumia, sikatai. Kesho yake nilipokwenda kumwomba radhi alinishika mkono, akanibusu.

"Nimekusamehe, dada. Lakini harusi ya Zuhra wewe utamenya vitunguu."

Zuhra ndiye kitindamimba wetu, na anaolewa mwezi ujao. Kodi za A nazijua zote sasa, na za D, na za G, na nimeapa sitamwambia mtu tena kwamba naweza kabla sijajaribu. Hakuna aliyeniuliza. Vitunguu ni magunia mawili.