Siku Niliyotamani Kukutwa na Malaria

Mama mkubwa, dada yake marehemu mama na ndiye aliyenilea, ana jini tangu kabla sijazaliwa, na kila baada ya miaka kadhaa jini huyo hutaka apigiwe ngoma. Mimi ni mtu wa maabara, kwenye zahanati moja ndogo hapa hapa Kariakoo. Nasoma damu za watu kwenye hadubini tangu asubuhi mpaka mgongo unakataa. Mambo ya majini nilikuwa nayacheka, ila kwa mbali, maana mama mkubwa ana mkono mwepesi.

Jumapili ile ya ngoma yake alinitaka nishike chetezo tu.

"Sijakwambia uamini," alisema. "Fukiza udi, nyamaza."

Ua wetu ni mdogo, na siku hizi umezungukwa na maghorofa pande tatu, hewa haipiti. Saa tano asubuhi wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, ngoma zinalia, na huko mtaani spika ya muuza mashuka inashindana nazo. Sikuwa nimekunywa hata chai. Mama mkubwa alikaa katikati, kafunikwa shuka jeupe, anasubiri jini wake apande.

Hakupanda kwake. Alipanda kwangu, au ndivyo wanavyosema wao.

Ninachokumbuka ni kidogo. Vidole vilianza kufa ganzi, kisha midomo. Mlio wa ngoma ukaacha kutoka nje, ukawa unatoka kifuani mwangu. Niliitazama mikono iliyoshika chetezo nikaona mikono tu, haina mwenyewe. Halafu ukaja utulivu ambao sijawahi kuupata, si kwenye sala, si kwa mume niliyekuwa naye. Sikuwepo, na kutokuwepo kule kulikuwa kutamu. Utamu huo ndio unaonitisha mpaka leo.

Nilizinduka nimelala mkekani, nimelowa marashi, adhana ya adhuhuri inaita. Zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita na sina habari nayo. Mpiga ngoma mmoja, mwanamke wa umri wa mama yangu, akainama akaniamkia, "Shikamoo." Nilitafuta nyuma yangu anayeamkiwa, sikuona mtu.

"Nimesema nini?" niliuliza.

Mganga, mama mnene mwenye sauti ya upole, ndiye aliyejibu.

"Nilimuuliza anataka nini. Wenzake hutaka marashi, hutaka kanga, hutaka halua. Huyu kasema hataki kitu. Anataka abaki yeye, wewe uende zako."

Nikacheka. Kicheko chenyewe kilitetemeka, kila mtu akakisikia.

Kesho yake nilifika kazini kabla ya wote. Nikajitoboa kidole, nikapaka damu yangu kwenye kioo, nikaitia rangi, nikainama kwenye hadubini. Malaria ikipanda kichwani mtu huropoka maneno asiyoyajua, nimeshawaona wengi. Miaka yote nawaombea wagonjwa wasikutwe na kitu, na asubuhi ile nilikuwa natafuta mdudu mmoja tu nimshukuru Mungu. Damu safi. Nikapima sukari, iko sawa. Nikaandaa kioo cha pili, cha tatu. Mwenzangu wa maabara akaingia.

"Dada, vipi, unaumwa?"

"Natamani," nikamjibu, akadhani natania.

Maelezo ninayo. Njaa, joto, moshi, kuhema haraka haraka mpaka ganzi inashika midomo, mdundo mmoja usiobadilika. Nayaamini yote, na ningeweza kumfundisha mtu. Yananiambia kwa nini mdomo ulifunguka. Kwa nini ulisema vile, hapo nakwama.

Nilipotoka kazini nikapita kwa mama mkubwa. Nilimkuta barazani na ungo, anachagua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Jumapili ijayo ngoma ni yako, mganga keshaniambia."

"Mama, mimi sina jini. Ilikuwa njaa na moshi. Yale maneno niliyasema mwenyewe."

Nilijiandaa kurushiwa ndala. Badala yake vidole vyake vilisimama ndani ya mchele. Alinitazama kwa woga ambao sikuwahi kuuona usoni mwake, hata siku tuliyomzika mama.

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Ndiyo ukweli."

"Jini tungekaa naye, tukaongea naye, tukampa anachotaka akatulia," alisema taratibu. "Sasa kama ni wewe ndiye unayetaka uende, mimi niongee na nani?"

Mchele ulibaki katikati yetu, nusu umechaguliwa. Nikauvuta ungo upande wangu nipate pa kutazama.

Kisha nikamuuliza hiyo ngoma ya Jumapili inaanza saa ngapi.