Bakuli Tatu za Mwaka Mpya

Harufu ya kimea cha shayiri kikiwa ndani ya maji ya moto haifanani na harufu nyingine yoyote ya jikoni. Ina utamu wa wali uliopitiliza kidogo, ina unyevunyevu wa gunia, na ukiivuta sana unahisi na nyasi zilizokatwa jana. Mimi nikiisikia, hata leo nikiwa mama wa watoto watatu, hujikuta nimeshafunga dirisha kabla sijajua ninachofanya. Niliisikia mara ya kwanza mtaani kwetu Ghubra, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwezi wa pili, wakati Maskati bado ina ubaridi na watu wanaacha madirisha wazi. Ilikuwa ikishuka kutoka jiko la ghorofa ya juu na kuingia moja kwa moja chumbani kwetu. Nilikuwa na miaka tisa. Juu walikaa Wakorea: baba aliyekuwa mhandisi katika kampuni moja ya ujenzi, mkewe, na binti yao Sujin, aliyesoma darasa moja na mimi. Chini tulikaa sisi: baba, mama, mimi, na bibi mzaa baba, ambaye alizaliwa na kukulia Tabora. Bibi alikuwa na zaidi ya miaka ishirini Omani, lakini bado alikuwa akiota kwa Kiswahili cha kule na kugombana na wauza mboga kwa Kiarabu cha hapa.

Mama Sujin, kama tulivyomwita sote, alipika kwa kufuata majira ya kwao, ingawa Maskati majira ni mawili tu, joto na joto kali. Mwezi wa kumi na moja wanawake wenzake watatu wanne walikusanyika kwake, wakakaa chini na mabeseni, wakayapaka majani ya kabichi pilipili nyekundu, kitunguu thomu na tangawizi, jani moja moja, mchana kutwa, na sisi watoto tukilishwa vipande vibichi mpaka machozi yanatutoka. Katikati ya kiangazi, nje hakukanyagiki, yeye ndipo alipowaita marafiki kuja kunywa supu ya moto ya kuku mdogo aliyejazwa mchele na kunazi kavu, akisema joto hutolewa kwa joto. Baba alipanda mara moja kuonja, akateremka shati limemganda mgongoni, akasema hawa watu ni mashujaa. Mwezi mpevu wa vuli yao ulipofika, tulikunja vidonge vya unga wa mchele vyenye ufuta na asali ndani, na vyangu daima vilipasuka. Sahani ziliposhuka kwetu, mama hakuzirudisha tupu; zilipanda na sambusa, au mkate wa mchele, au biriani siku za Ijumaa.

Bibi hakuniruhusu kula kule juu hivi hivi tu. Alimwita Mama Sujin, akamkalisha, akampa kahawa, akamwambia mambo mawili tu anayoyaogopa kwa mjukuu wake, nguruwe na ulevi. Mama Sujin aliweka mkono kifuani, akaahidi kwa maneno yake machache ya Kiarabu. Na alitimiza. Nyama alinunua kwa mchinjaji yule yule wa mama, na siku akipika kitu chao kisichotufaa, aliniambia mapema mlangoni kwamba leo hakuna chako, akanipa tunda nikarudi. Bibi alimwamini kabisa. Hilo ndilo lililonitesa baadaye, kwa sababu nilipoanza kuogopa, nilimwogopa na Mama Sujin pia.

Mwaka ule mwaka mpya wao uliangukia wiki chache baada ya Idi ndogo. Siku kama kumi kabla, Mama Sujin aliloweka shayiri aliyoinunua soko la Matrah, akaifunika kwa kitambaa mpaka ikachipua, akaianika kwenye sinia barazani, kisha akaisaga. Unga ule aliuchanganya na maji, akayachuja, akayamimina juu ya wali katika sufuria ya umeme, akauacha humo kwenye uvuguvugu kwa saa nyingi. Sujin na mimi tulikuwa tukifunua mfuniko kila mara kuangalia kama punje zimeelea. Zilipoelea, alichemsha yote na sukari na tangawizi, akaipoza kwenye friji. Siku yenyewe walikuja marafiki zao, na sisi watoto tulipiga magoti kuwasalimu wazee, tukala supu ya vipande vyembamba vya mkate wa mchele, halafu kikaja kile kinywaji, baridi, kitamu, punje zikicheza juu. Nilikunywa bakuli tatu. Sijui kama nimewahi kufurahia kitu kama nilivyofurahia bakuli ile ya tatu.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, bibi alikuwa anachambua mchele na kumhadithia mama habari za Tabora, kama kawaida yake, huku akitia chumvi anapopenda. Akafika kwa jirani mmoja wa zamani aliyekuwa akipika pombe. Akaeleza jinsi mwanamke yule alivyoloweka mtama mpaka ukaota, akauanika juu ya mikeka, akausaga, akauweka kwenye maji ya vuguvugu, na siku ya kunywa wanaume wakawa wanaimba mpaka kwenye uzio wa kina bibi. Mama alicheka mpaka akashika tumbo, kwani alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na daftari langu, na penseli yangu ikasimama. Kulowekwa, kuota, kuanikwa, kusagwa, maji ya vuguvugu: hatua zote nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, na nyingine nilisaidia. Na chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu wetu alikuwa ametuambia, si mara moja, kwamba anayekunywa ulevi sala yake haikubaliwi siku arubaini. Nilienda bafuni nikasukutua mdomo mpaka ufizi ukauma. Kisha nikafungua ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu, nikachora mistari arubaini kwa penseli.

Ningeweza kusema siku ile ile. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na jibu ni lile lile: niliogopa. Niliogopa bibi asije akanitenga na Sujin maisha. Niliogopa Mama Sujin aitwe mwongo mbele yangu, kwa sababu ya kinywa changu. Nikajiambia siku arubaini si nyingi, nitazikaa kimya zipite, na hakuna atakayejua. Nilifuta mstari mmoja kila siku nikitoka shule. Nilikuwa nimefuta minane mama alipovimba miguu na uso, kichwa kikamuuma mpaka akawa hawezi kuangalia mwanga, na baba akamchukua hospitali mchana, chakula kikiwa bado mezani. Hawakumrudisha. Walisema ni presha ya mimba, na kwamba yeye na mtoto wote wawili wako hatarini.

Nyumba ilibadilika. Wageni waliingia na kutoka, simu ikilia kila mtu anasimama. Bibi alinikalisha kwenye mswala pembeni yake, akaniambia mimi ni mtoto, sina dhambi, na dua ya asiye na dhambi hufika upesi kuliko yake yeye mzee. Baba naye, akitoka hospitali na macho mekundu, aliniwekea mkono kichwani akasema, "Muombee mama, Rayya. Sote tunakutegemea wewe." Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baada. Nilisali kwa mwili, nikainama na kusujudu pamoja na bibi, lakini mikono ilipoinuliwa kuomba, mimi nilifunga mdomo. Akili yangu ya miaka tisa ilikuwa imekwenda mbali zaidi ya mwalimu: niliamini kwamba nikiomba na kinywa kile, dua haitakataliwa tu, bali itageuzwa. Nikisema apone, atakufa. Kwa hiyo sikusema chochote, si kwa sauti wala moyoni. Kila neno la dua lilipotaka kuja, nilihesabu vigae vya sakafu.

Nilichofanya ni kumwomba Sujin. Shuleni, wakati wa mapumziko, nilimvuta nyuma ya bomba la maji, nikamwambia kwa Kiingereza chetu cha darasani amwombee mama yangu kwa namna wanavyoomba kwao. Wao walikuwa wanakwenda kanisani. Aliniuliza kwa nini siombi mwenyewe. Nikamwambia naomba, lakini nataka tuwe wengi. Jioni ile Mama Sujin alishuka na chungu cha uji wa boga, ambao kwao humpa mwanamke aliyevimba, akamwomba baba aupeleke hospitali, na akaleta mwingine wa sisi tuliobaki. Bibi alikula. Mimi nilisema nimeshiba, na kesho yake pia, na kesho kutwa. Niliuangalia ule uji wa manjano, nikamwangalia bibi anavyolamba kijiko, nikaogopa kwamba na huu una ulevi, na sasa nyumba nzima haina wa kuomba.

Mstari wa kumi na saba baba alirudi saa sita mchana, akaenda kuosha uso, akakaa muda mrefu bafuni na bomba liko wazi. Mtoto wa kiume alikuwa amezaliwa asubuhi, akaishi saa chache. Mama alikuwa hai, lakini hajazinduka. Walimzika mdogo wangu baada ya alasiri, wanaume tu, na mimi sikumwona. Watu walisema yameandikwa. Mimi nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nimemuua mimi, na kwamba aliyebaki ni mama.

Siku mbili baadaye Mama Sujin alileta tena chakula, na bibi aliponiona nakisogeza, aliacha kula. "Mbona chakula cha juu hukitaki siku hizi?" akaniuliza. "Kuna nini? Niambie mie, sitokupiga." Nikamwambia. Nilimwambia yote, shayiri, sinia la barazani, punje zilizoelea, bakuli tatu, mistari ya penseli, yote isipokuwa jambo moja, kwamba nilikuwa nimefunga mdomo. Bibi aliisukuma sahani, akainuka. Alivaa buibui lake, akanishika mkono, na pamoja na magoti yake mabovu akapanda ngazi zile kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, akipumzika kila ngazi ya nne. Mama Sujin alifungua mlango akashtuka. Kwa Kiarabu kilichokatikakatika, na mimi nikifasiri huku nalia, bibi aliuliza kinywaji cha mwaka mpya kilitengenezwaje. Mama Sujin alituonyesha unga uliobaki kwenye mkebe. Kisha akakumbuka ana chupa moja aliyoigandisha, akaiyeyusha kwenye maji ya moto, akamimina kidogo kwenye bakuli.

Bibi alinusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akaonja tena, kisha akanywa yote na kukaa chini kwenye kiti cha jikoni bila kukaribishwa. "Hii togwa," akasema. "Wallahi hii togwa tupu. Mama yangu akinipikia nikitoka chuoni." Akaanza kulia, na sijui alikuwa anamlilia mamake au mjukuu wake. Akanieleza kwamba kimea ni kile kile, lakini togwa hunywewa tamu, ingali mpya, na watoto wananyweshwa. Pombe ni mpaka uiache ichachuke siku kadhaa, na hii imechemshwa ikatiwa sukari siku ile ile. Akamshika Mama Sujin mkono, akaubusu, jambo lililomfanya yule mama naye alie bila kujua sababu. Halafu akanivuta kwake, akanifuta uso kwa ncha ya buibui. "Hukunywa pombe, mwanangu," akasema. "Dua zako zote zilikuwa zinafika. Haikurudi hata moja."

Alidhani ananitua mzigo. Nilisimama jikoni mle, nimekumbatiwa, na hofu mpya ikaniingia ambayo haina mistari ya kufuta. Dua zipi? Mlango ulikuwa wazi siku zote zile, na mimi, niliyetegemewa, sikutuma hata neno.

Mama alizinduka, akarudi nyumbani, akapona taratibu, lakini hakuzaa tena. Kina Sujin waliondoka baada ya miaka miwili, mkataba wa baba yake ulipokwisha. Bibi amefariki, naye aliondoka akiamini nilimwombea mdogo wangu. Siku hizi ninakaa Ansab, huku huku Maskati, na wanangu hupanda gari nami mpaka maduka makubwa ya Azaiba kuchagua tambi za Kikorea na mikebe ya kimchi, kabichi ile ya pilipili. Wanageuza pakiti, wanatafuta alama ya halali, wakiwa na shaka wanaangalia kwenye simu, na jambo limekwisha kabla hatujafika kwenye malipo. Nawaonea wivu. Sisi tulilishwa na mikono ya watu, tukawapenda na kuwaogopa hao hao, na swali dogo la jikoni lingeweza kukaa ndani ya mtoto mpaka likaharibika. Wanangu wanauliza kila kitu. Lakini mmoja wao juzi alikuwa kimya chakula kizima, na nilimfuata chumbani, nikakaa kitandani kwake saa nzima mpaka akasema. Lilikuwa jambo la mtihani tu. Alinishangaa kwa nini bado nimemshika mkono.

Baada ya hapo nilimwambia mama. Anakaa nami sasa, na tulikuwa wawili tu, ananikunjia nguo za watoto. Nilimwambia kuhusu mikono iliyoinuliwa mitupu, na vigae. Nilitegemea anisamehe au anikemee. Aliendelea kukunja shati lile lile mara mbili.

"Hata mie sikuomba," akasema. "Nilikuwa nimelala pale, nnamsikia ananichezea tumboni, na nnaogopa kuomba. Nilisema nikiomba nikanyimwa, nitaishi vipi?"

Kisha akaliweka lile shati juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja.

"Babako alimwita Nasri," akasema. "Kama unataka kumwombea, muombee kwa jina lake."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia.