Mwenye Kukaribisha Huonja Kwanza

Naweza kusahau siku niliyofunga ndoa, mwanangu, lakini siku niliyorudi Kawangware na pipa la buluu juu ya mkokoteni siisahau. Leo mnaniita Shosho, yaani bibi, hapa mtaani Mashimoni, na mnadhani nilizaliwa hivi hivi na fimbo mkononi. Wakati huo nilikuwa Mama Oti, mwanamke mbichi, mtoto wangu wa kwanza ameanza tu kutembea. Nilikuwa nikiosha chupa katika kiwanda cha kemikali, na kwenda na kurudi ilikuwa kwa miguu.

Tulikuwa na meneja mmoja kijana, mwenye maneno matamu, aliyejua kuita kila mtu kwa jina. Alipopandishwa cheo tukamfanyia sherehe uani. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo, na mimi ndiye niliyemvisha shada la maua ya kumetameta. Akafurahi, akatangaza kwamba kila mfanyakazi achukue pipa moja tupu aende nalo nyumbani. Tulipiga vigelegele hadi koo zikakauka. Wewe umezaliwa ukakuta pipa kwenye kila mlango, kwa hivyo usinicheke. Siku zile mifereji ilikauka ovyo, na mwenye pipa aliheshimiwa na ploti nzima ya wapangaji.

Jirani yangu Mama Mutua, Mkamba wa Kitui, alikuwa mkubwa wetu pale kwenye kuosha chupa. Yeye hakuchukua pipa. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Wacha likae huko." Nikajiambia ni wivu tu, ingawa hata sikujua angeona wivu wa nini, maana pipa lake lilikuwepo.

Nyumbani nililisuuza kwa sabuni, nikalijaza maji ya kioski. Jioni mtoto akaja na kikombe chake. Nilikuwa nimeshachota, ndiyo kwanza nainama kumpa, Mama Mutua akaingia bila hodi. Akanipokonya kikombe. Kisha akaliegemea pipa kwa bega na kulisukuma mpaka likaanguka, maji yote yakamwagika nje.

Nilimtukana, mwanangu. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Maji yale nilikuwa nimeyabeba kichwani! Yeye alinishika tu mkono, akanionyesha mtaro. Povu jeupe lilikuwa likisafiri mpaka mlango wa tatu, na bata wa jirani, ambao mtaro ule ulikuwa ndio nyumba yao, walitoka wakikung'uta miguu.

"Ni sabuni yangu hiyo," nikasema.

"Haya, suuza tena na maji matupu."

Nikasuuza tena. Povu likatoka vilevile. Nikasuuza mpaka nikaishiwa na maji, na povu halikuisha.

Mama Mutua hakunicheka. Alimbeba mtoto wangu, akamfuta makamasi kwa kanga yake, akaniuliza, "Mama Oti, huyo meneja unayemwimbia, kwake watoto wanakunywa kwa pipa gani?"

Mapipa yale yalienea mtaani. Wengine walikunywa wasipate kitu. Watoto wengine waliharisha vibaya, na kila mtu akasema ni maji ya Kawangware tu, yamezoea kuharisha watu. Labda ni kweli. Mimi sijui, na hiyo ndiyo inayonikera mpaka leo, kwamba sijui na hakuna aliyetaka kujua.

Sasa sikia ya juzi. Yule Achieng wa kikundi cha vijana alikuja kwangu mbio, mtoto wake mgongoni.

"Shosho, niaje! Kuna form poa sana, mpango wa maji. Mkurugenzi wa kampuni ya kemikali anastaafu, wamempa tuzo ya maisha yake yote ya kazi. Anakuja hapa kutupatia tangi kubwa. Wanataka mama aliyewahi kumfanyia kazi amvishe maua, halafu akunywe kikombe ya kwanza kwa camera."

Nikauliza jina la huyo mkurugenzi. Alikuwa ni yeye, meneja wetu wa maneno matamu.

"Na kwa nini mimi ndio ninywe?" nikauliza.

"Ai, Shosho, wewe unashuku kila kitu! Ukikataa, si watapeleka tangi huko mtaa wa Raila?"

Nilimtazama mtoto mgongoni mwake. Nikasema nitakuja.

Sherehe ilikuwa kwenye uwanja wa kanisa, upande wa mtaa wa Ayany. Tangi lilikuwa limeshajazwa na kufungwa utepe. Mkurugenzi alikuwa na mvi kama mimi, lakini jina langu bado alilikumbuka, na nakiri moyo ulilainika kidogo. Nikatoa mfukoni shada la kumvisha, lakini kwanza wakanipa kikombe kimejaa. Nikanusa. Sikusikia ila harufu ya plastiki mpya, na pua yangu imezeeka. Nikaomba maikrofoni.

"Mkurugenzi," nikasema, "kwetu mwenye kukaribisha huonja kwanza, ndipo mgeni ale. Leo wewe ndiye umetukaribisha maji. Tuonjee."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Naye akacheka, akapokea kikombe, akakiinua mpaka karibu na mdomo. Hapo akatazama kando. Msichana mmoja wa kampuni akaja haraka na chupa ya maji ya dukani. Mkurugenzi akanirudishia kikombe, akasema daktari wake ni mkali sana siku hizi, akafungua chupa na kunywa.

Makofi yakafa. Mimi nikayamwaga yale ya kikombe chini, polepole, nikiangalia udongo. Povu halikutoka. Nakuambia ukweli ulivyo. Halafu nikalirudisha shada kwenye mfuko wangu, nikaenda kukaa.

Achieng alinifuata kwa hasira. "Shosho, umetuaibisha! Si umeona maji haina povu?"

"Nimeona. Na ile chupa, wewe umeiona?"

Tangi waliliacha, maana kamera zilikuwa zinaangalia, na akina mama wamekubaliana kufulia nguo tu mpaka mtu wa kupima maji aje. Jioni ile nilimwona Achieng akipita mlangoni kwangu na mtungi. Alikuwa ametoka kununua maji kioski, na mtoto anamlilia kikombe.

Kwa hivyo shika hili, mwanangu. Ukiitwa kumwimbia mkubwa, usikimbilie wimbo. Uliza kwanza kama kile anachokupa, yeye mwenyewe anakitumia, na kama watoto wake wanakitumia. Usimsingizie mtu, maana hata mimi sikusema maji yana sumu. Mwambie aonje tu, halafu mtazame macho. Wakikuita mchawi kwa hilo, itika, uendelee kutazama.

Nawe Mungu akukuze, akupe kazi ya mikono yako na mvi za heshima. Siku watakapokuja kukuvisha shada, uwe umetuwekea maji ambayo utamnywesha mtoto wako na wa jirani kwa kikombe kimoja, bila kutazama kando.