Mahari ya laki moja na nusu, lakini shilingi ya nani?

Wakuu, niaje. Leo nawapea story yangu mwenyewe, vile ilitokea, bila kuongeza chumvi. Mwenye haraka apite tu, hatutakosana.

Mimi ni Mkamba wa Kawangware, watu wetu walitoka Kitui. Nauza nguo za watoto. Baba ni fundi wa viatu, na amezeeka akiwa kwa hiyo kazi. Mama aliaga nikiwa mdogo, so nililelewa na shangazi, dadake baba. Shangazi ananipenda vibaya sana. Mkiona amechemka huko mbele, msimhukumu.

Sasa nikapenda kijana wa mtaa wa Gatwekera, anaitwa Masaba. Ni fundi wa rangi. Tulipatana mtaa wa Ayany akipaka nyumba ya customer wangu, nyusi zote zimejaa rangi ya cream, na bado alikuwa anajaribu kunikatia, kunitongoza serious. Nilicheka mpaka nikasahau kuchukua pesa ya nguo.

Kwao ni Mbale, Uganda. Lakini amekaa hapa mpaka Sheng yake inashinda yangu.

Zile mbuzi za ntheo, ambazo kwa Mkamba bila hizo hujaanza kuoa, alikuwa ashapeleka. Ikabaki kuongea mahari. Babake hayuko tena, so mjomba wake akapanda basi kutoka Mbale. Mzee mpole, koti imepigwa pasi hadi inang'aa.

Walikuja Jumamosi mchana. Mimi niko nyuma ya pazia na sufuria ya pilau, masikio yote yako sitting room.

Baba akasema, "Mzee mwenzangu, sisi hatuuzi watoto. Lakini mila ni mila. Mtupatie laki moja na nusu tumalize."

Mjomba hata hakupumua. "Laki moja na nusu? Asante sana. Tunatoa yote leo."

Wakuu, mnajua mahari huwa aje. Lazima watu wavutane, mwingine atoke nje akasirike, arudi, ashushiwe. Mtu akikubali hapo hapo, ujue ama ni tajiri ama kuna kitu.

Shangazi alidhani ni tajiri. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaitikia.

Kisha mjomba akafungua bahasha. Akaweka noti mezani, moja moja, kwa heshima. Vigelegele vikakatika katikati.

Zilikuwa za Uganda zote.

Kwa wale hawajui, shilingi yetu moja siku hizi ni karibu shilingi ishirini na nane za huko. Laki moja na nusu yao, ukiipeleka forex, unatoka na elfu tano na kitu. Mjomba alikuwa amesikia "shilingi" akafikiria shilingi yake, ile anaamka nayo kila siku. Hakuwa anatucheza.

Lakini mwambie shangazi hiyo.

"Nimelea huyu mtoto! Nimemlipia fees! Leo aende kwa bei ya mtungi wa gas?"

Masaba akashika kichwa, akasema hakujua bahasha imebeba pesa ya wapi. Mjomba akaanza kurudisha noti kwa bahasha. Akasema polepole, "Mama, nisamehe. Hii ni mchango wa ukoo mzima. Hatukujua."

Mimi nilikuwa nalia kwa pilau. Niliona ndoa imeisha, na mbaya zaidi, sikuwa na mtu wa kukasirikia.

Baba akasogea mezani. Akanyoosha mkono, akaomba noti moja. Akaishika kwa mwangaza wa dirisha, akaigeuza.

"Nikiwa kijana nilikuwa turnboi, msaidizi wa dereva wa lori," akasema. "Tulikuwa tunapeleka chumvi Kampala."

Hii sijawahi kuiskia maisha yangu yote. Baba si mtu wa story.

Akaendelea kuwa enzi hizo nchi zetu zilikuwa zimetoka tu kwa ile shilingi moja ya East Africa. Kila nchi ikachapisha yake, lakini thamani ilikuwa sawa, moja kwa moja. Anakula Tororo analipa na ya Kenya, mama wa hoteli anachukua bila kuuliza. Na kuna siku malaria ilimwangusha Mbale, dereva akamwacha kwa mama mmoja wa chakula. Yule mama akamuuguza mpaka akasimama, akakataa malipo ya shilingi yoyote.

"Nimesema laki moja na nusu," baba akasema. "Sikusema ya nani. Kwa hii nyumba, leo, rate ni ile ya turnboi. Moja kwa moja. Mahari imelipwa."

Shangazi akaruka. "Kaka yangu, umerogwa?"

"Dada, ulitaka tajiri ama ulitaka mtu atampenda? Huyo mzee amechangisha ukoo mzima."

Shangazi akaangalia koti ya mjomba. Akakaa chini. Akaanza kulia, sasa kile kilio cha kumpeana msichana aolewe.

Mnadhani iliisha hapo? Mjomba akakataa! Akasema yeye si mtu wa kuhurumiwa, na kwao mwanamke hachukuliwi kwa rate ilikufa kitambo. Wakavutana, this time mwenye kudai anashusha na mwenye kulipa anapandisha. Sijawahi kuona kitu kama hiyo.

Wakakubaliana hivi: pesa imetosha, lakini kila msimu wa kahawa mjomba alete gunia dogo kutoka shamba lake, mwenyewe, kwa mkono.

Sasa niko na mtoto, na mjomba hajawahi kukosa msimu. Baba kahawa inamsumbua tumbo, daktari alimkataza. Lakini mjomba akiingia, anakunywa kikombe kizima, wanabishana mpaka jioni ni nani aliharibu shilingi kwanza. Shangazi ndiye huwapikia. Akiulizwa mahari yangu, anasema laki moja na nusu, hataji shilingi ya nani.

Funzo: kwa mahari taja pesa ya nchi gani kabla ya vigelegele. Na wazazi wenu waulizeni walikuwa nani kabla yenu.

Wale mmeoa ama kuolewa kuvuka border, semeni ukweli hapa chini: kwenu mlitumia rate ya mwaka gani?