Kikombe Juu ya Kiti cha Trekta

Habari ilinifikia nikiwa napepeta mpunga wa mbegu. Mke wa mwanangu alisimama mlangoni, hakuingia, nami nikajua, maana mwenye habari njema haegemei mlango. "Mama, fundi wa trekta amefariki alfajiri. Presha. Hata barabarani hakufika." Nikamwambia nimesikia, nikamaliza ungo uliokuwa mkononi. Wasomaji wangu mnaonijua mtasema bibi huyu ana moyo wa jiwe. Semeni. Siku ile sikulia, na mpaka ninapoandika haya sijalia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini huusikii. Kitu pekee kilichonijia kichwani ni beseni. Jioni iliyotangulia nilipita bandani kwake, nikamkuta chali chini ya trekta, beseni amelikinga chini ya giaboksi, oili ya zamani ikidondoka. Nikawaza: trekta liko wazi tumbo, na aliyelifungua hayupo.

Trekta lenyewe ni dogo na la zamani. Mzungu mmoja alikuwa akilimia bustani ya misheni, na alipoondoka kwao likaachiwa kikundi chetu cha akina mama tunaolima mpunga bondeni, njia ya kwenda Mbaha. Mimi ni mtoto wa Litembo niliyeolewa huku chini ziwani. Kwetu milimani nilikulia kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba mtelemkoni ili mvua isibebe udongo, na huko hakuna mashine inayopanda. Kuna jembe na mgongo wa mwanamke. Nilipoliona trekta likigeuza bonde asubuhi moja, kazi ambayo mgongo wangu ungeifanya kwa msimu mzima, niliapa kwamba kitu hiki hakitaharibika nikiwa hai. Kikundini sasa wengi wetu ni wazee. Trekta likifa, bonde linarudi kuwa matete, na mpunga tutaunusa kwa majirani. Kwa hiyo mimi na fundi tulizoeana kwa ugomvi. Mimi nilitaka lilime, yeye alitaka lipone kwanza.

Hata jioni ile ya mwisho tuligombana. "Fundi," nikamwambia, "mawingu yameshafika juu ya milima, wewe umelala."

"Shikamoo kwanza, bibi," akajibu kutoka chini.

"Marahaba. Unamaliza lini?"

"Oili ya zamani haifukuzwi. Inateremka yenyewe mpaka asubuhi. Kesho natia mpya, halafu mnalima."

"Si uongeze tu kidogo kwa juu, maisha yaendelee?"

Akajikokota akatoka, mgongo umejaa vumbi, akaniita nitazame beseni. Oili ilikuwa nyeupe kama chai iliyozidishwa maziwa. "Hayo ni maji ya bondeni," akasema. "Yameingia humo taratibu, yamejichanganya, na gia zinasagana zikidhani zina mafuta. Wewe bibi, uji uliochacha unauongezea uji mpya?" Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakitazama beseni zima. Kisha akafanya kama alivyofanya siku zote. Akachukua ile nati ya chini, inayoziba tundu la kumwagia, akaitia kwenye kikombe cha bati chenye mafuta ya taa, na kikombe akakiweka juu ya kiti cha dereva. Ndiyo ilikuwa kufuli yake. Kikombe kikiwa kitini, hakuna anayekaa, maana trekta halina oili.

Kijiji kizima kiliijua kufuli hiyo tangu harusi ya binti wa kaka yake. Tela lilikuwa limeshapambwa kwa matawi na vitenge, bibi harusi yuko tayari, na fundi ndiye aliyeahidi kumpeleka kanisani. Asubuhi wakakuta kikombe kiko kitini. Oili ilikuwa imeingia maji kwenye kazi ya siku iliyopita, naye akaimwaga. Kaka yake alikuja juu: "Mdogo wangu, unataka mwanangu atembee na shela kama anakwenda kuteka maji? Ni mwendo mfupi tu!" Fundi hakupandisha sauti. "Apande bodaboda. Bodaboda ina giaboksi nzima." Na kweli alipanda bodaboda, shela limefungwa kiunoni lisije likaingia kwenye mnyororo, na wanakwaya wakashindwa kuimba kwa kucheka. Kaka mtu hakumsemesha mpaka mavuno. Nilipomuuliza fundi kama hakuona aibu, alisema, "Harusi ni siku moja, bibi. Bonde ni kila mwaka."

Sasa siku ya maziko. Nilifika pale msibani nikiwa na kanga mbili na mkeka, nikakuta tela limepambwa tena. Safari hii ni kwa ajili ya jeneza. Na juu ya kiti cha dereva amekaa kaka yake, mkono uko kwenye ufunguo. Nia yake haikuwa mbaya. Alitaka mdogo wake abebwe na trekta lake mwenyewe, na watu wote walikuwa wamelipenda wazo hilo. Mimi nilitazama chini. Kikombe cha bati kilikuwa kando ya ukuta, kuku anakidonoa.

"Shuka, baba," nikasema.

"Bibi, tafadhali. Leo tuko msibani."

"Nani ameondoa kikombe hiki?"

"Mimi. Kilikuwa kitini."

"Na ndani umeona nini?"

"Nati." Akainama kutazama chini ya trekta, akaliona beseni. Lakini hakushuka. "Bibi, ni mwendo mfupi tu, mpaka kanisani. Kwenye harusi alinikatalia. Leo hawezi kunikatalia."

Nilisikia mtu ananivuta kanga, nikajivuta. "Alimkatalia bibi harusi mbele ya kijiji," nikasema, "na wewe unamjua. Angekuwa hapa amesimama, angekubali?" Mzee mmoja nyuma akasema, "Angesema tupande bodaboda," na watu wakacheka kile kicheko cha msibani kinachokatika katikati. Kaka mtu alikaa, mikono juu ya usukani, uso umekauka. Kisha akashuka, akaenda ndani, akashika jeneza upande wa mbele. Walimbeba mabegani wakipokezana kwenye mchanga hadi kanisani, na yeye hakutaka kupokewa. Mimi nilitembea nyuma nikitazama visigino vya watu. Wimbo nilikuwa naujua lakini mdomo haukufunguka.

Likabaki jambo moja. Mila yetu haitaki mtu ashike jembe wala chombo chochote cha shamba mpaka matanga yaishe, na mila hiyo mimi ninaiheshimu. Lakini paa la banda linavuja, mawingu yalikuwa yameshuka, na giaboksi ilikuwa wazi juu na chini. Maji yakiingia humo, zile gia zitashika kutu, basi. Nilikaa na wanawake ukumbini nikilipigia hesabu jambo hilo, nikiogopa kulisema, maana nilikuwa nimeshasema mengi. Ni kaka yake aliyekuja. Alipiga goti mbele yangu, akanipa kikombe kwa mikono miwili, nati ikiwa ndani. "Bibi," akasema, "kufunga si kulima."

Mjane akainuka bila kuulizwa, akatoa dumu la oili mpya chini ya kitanda. "Ndoa yangu yote nimelala juu ya harufu hii," akasema, na hakuna aliyejua kama tucheke. Kaka akafunga nati ya chini kwa spana. Mjane akamimina kwa juu, polepole, mimi nimechuchumaa pembeni kulinda tundu dogo la ubavuni, kwa sababu fundi alisema lazima ijae mpaka ianze kutoka hapo. Tulingoja. Ilipotoka ilikuwa safi, ya rangi ya asali. Nikasema, "Imetosha," na tukafunga. Dakika chache baadaye mvua ikaanza kugonga bati.

Siku hizi tumekuwa watu wa kuongeza kwa juu. Katika kikundi, katika ndoa, hata kanisani, jambo likiharibika tunamimina jipya juu ya lililooza, tunawasha, tunakwenda. Kumwaga kunachukua muda na kunachafua mikono, tena ukimwaga unaona ulichokuwa nacho. Fundi alikubali kuchekwa na kununiwa ili amwage, na ndiyo maana bonde letu mwaka huu limelimwa.

Limelimwa na kaka yake. Matanga yalipoisha alikuja bandani asubuhi, nami nilikuwepo, maana sikumwamini. Hakupanda moja kwa moja. Alisimama kando ya trekta, akatazama kitini, akapitisha kiganja juu yake, ndipo akapanda. Nanyi mnaorithi viti vya watu, vya kazini, vya nyumbani, vya uongozi, fanyeni hivyo hivyo: kabla hujakaa, tazama mwenzako aliacha nini juu yake.