Singa za Jarli

Osla Isbister alikuwa na farasi kumi na mmoja, wafupi wa kumfikia kiunoni, kila mmoja na manyoya ya kutosha kujaza godoro. Zamani walikuwa kumi na wawili. Huyo wa kumi na mbili ndiye habari yenyewe, na ndiye aliyemfanya Osla kila akiamka atazame upande wa nyumba ya Ertie Mouat kabla hata hajatazama hali ya hewa.

Majira ya baridi huko Unst, kisiwa cha kaskazini ya mbali, kunapambazuka saa tatu, na saa tisa jua limekwisha. Kwa hiyo mtu hana muda wa kujikuna. Osla alivaa koti la marehemu mumewe, akajifunga kamba kiunoni, akabeba mzigo wa nyasi kavu mgongoni na kushuka mpaka kwenye ukuta wa mawe. Alizimwaga upande usio na upepo, chungu kumi na mbili kwa farasi kumi na mmoja, ili hata mnyonge wao akifukuzwa apate pa kwenda. Akavunja barafu kijitoni kwa kisigino. Kisha akampitia kila mmoja, mkono ndani ya manyoya mpaka kwenye mbavu. Macho hayaaminiki kwa farasi hawa. Utamwona mnene kama pipa, kumbe ukimgusa ndani ni ngazi tupu.

"Wewe umezidi," alimwambia mmoja, akimsukuma kwa nyonga. "Ondoka, mwachie mwenzio. Tumbo hilo kama la mchungaji baada ya Krismasi."

Lakini nyasi zilikuwa nusu ya chakula tu. Nusu nyingine ilikuwa mwani. Farasi wa pale, maji yakipwa, wanajua. Hawana saa wala kalenda, lakini watakuwa wamejipanga mstari mmoja kuelekea ufukweni, na wakifika wanatafuna mwani hadi maji yawarudishe. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu bibi yake Osla, na njia ilipita kwenye lango lililokuwa mpakani, kwenye ardhi ya akina Mouat. Lango hilo halikuwahi kufungwa.

Mpaka Ertie alipolifunga. Hiyo ilikuwa miaka mitatu nyuma, baada ya maonyesho ya Agosti, ambapo mtoto wa Rosna, farasi jike wa Osla, alimshinda mtoto wa Jarli, dume la Ertie. Osla alicheka, hilo hakulikana. Tena alicheka kwa sauti, mbele ya watu. Juma lililofuata Ertie alikwenda kununua kufuli kubwa kama ngumi, akasema farasi wa mwanamke yule wanamharibia majani.

Wengine walivumilia. Rosna hakuweza. Alikuwa na miaka ishirini na sita na magego yalikuwa yamemwisha, nyasi kavu anazizungusha mdomoni na kuzitema vidonge vidonge. Mwani laini ndio uliokuwa uhai wake. Osla alimlowekea nyasi kwa maji ya moto, akamchotea mwani kwa ndoo kwa kuzunguka mwamba, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Haikutosha. Kila maji yalipopwa Rosna alikwenda langoni, akasimama paji la uso limegusa mbao, akingoja. Februari ile Osla alimkuta hapo hapo, amelala, theluji imemfunika hadi masikioni.

Ertie alikuja kutazama. Akasema, "Mzee huyo. Alikuwa anakufa tu."

Osla aliendelea kumfuta Rosna theluji masikioni. Alikuwa ameshaamua ni kitu gani cha Ertie atakachokichukua.

Jarli alikuwa mweusi, mzuri, mjinga kidogo, na mkia wake ulifagia ardhi. Ertie aliupenda mkia ule kuliko alivyowahi kumpenda binadamu. Aliuosha, aliuchana, aliwaonyesha wageni wa feri. Majaji wa maonyesho waliuandika hadi kwenye karatasi zao. Na kisiwani kwao, tangu enzi za nyuzi za kuvulia samaki kusukwa kwa singa, nywele za mkia, kukata mkia wa farasi wa jirani ni kosa ambalo watu hawalisemi mbele ya watoto. Mwizi wa kondoo husemwa mwaka mmoja akasahauliwa. Mkata mkia husemwa hadi kwa wajukuu wake.

"Basi wajukuu wasubiri," Osla alijisemea. Hakuwa na mtoto hata mmoja.

Mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo aliunoa, akaufunga kwenye kitambaa, akautia mfuko wa koti. Ulikaa humo miaka miwili. Nafasi haikupatikana, maana Ertie hakubanduka kwa Jarli.

Nafasi ililetwa na meno. Ertie aliyang'oa yote, akaenda mjini Lerwick mwezi Februari kuwekewa mapya, akitegemea kurudi kesho yake. Usiku huo upepo uligeuka kaskazini na theluji ikaanguka kama haijawahi kuanguka tangu vita. Feri zikasimama. Siku ya tatu, Gina, dada yake Ertie aliyekuwa akiishi naye, alifika kwa Osla akihema, kifua chake kikipiga filimbi.

"Shoga yangu, farasi wa Ertie wamekuja kwenye ukuta wako," alisema. "Wote saba. Kule kwetu hakuna kinga. Mimi kubeba nyasi siwezi, unaniona nilivyo."

"Nakuona. Kaa, unywe supu."

"Utawafungulia?"

Osla alimkatia kipande cha nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi, akakitupia kwenye bakuli. "Kaka yako yuko wapi?"

"Unajua yuko wapi. Anangoja meno."

"Rosna naye hakuwa na meno. Hakuna aliyemletea mapya. Mwambie Ertie akishayapata hayo yake, aanze kwa kulitafuna lile kufuli."

Gina alicheka hadi akakohoa. Kisha akakiweka kijiko chini. "Lakini farasi, Osla. Wao wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu. Ndiyo maana nimeshawafungulia pengo la ukuta tangu alfajiri. Kunywa supu."

Ilikuwa kweli. Walikuwa kumi na wanane nyuma ya ukuta, na Osla akiziona nyasi zake za mwezi mzima zikipungua kwa siku. Ertie alikuwa maili nyingi ng'ambo ya bahari, Gina alikuwa jikoni ameegemea moto, na Jarli alikuwa pale, mkia wake mbele ya mikono ya Osla. Akautoa mkasi kwenye kitambaa.

Farasi hawa upepo ukiwa mkali huupa makalio. Hujipanga hivyo wote, vichwa chini, na mkia hufunguka kama upepeo, ukafunika matako na mapaja. Mkia wa Jarli ulikuwa umeganda barafu nje, ubao mtupu. Osla alipenyeza mkono chini yake ili aushike vizuri. Ndani kulikuwa kukavu. Kavu na joto, kama chini ya kuku anayeatamia.

Akasimama hivyo kwa muda, mkono kwenye joto la Jarli, mkasi umefunguka. Angeukata leo, kesho angemkuta Jarli kama alivyomkuta Rosna.

"Una bahati, baba," alimwambia. "Wewe una bahati. Yule bwana wako hana."

Akaufunga mkasi, akaurudisha mfukoni. Kusamehe hakusamehe hata chembe. Aliahirisha kisasi tu. Tangu siku hiyo alimlisha Jarli kama mtu anayemnonesha bata wa sikukuu, akamshika mbavu kila asubuhi, akamtoa vipande vya barafu kwato kwa kwato. Wengine wangemwona wakadhani ni mapenzi.

Ertie mwenyewe alidhani hivyo. Alirudi siku ya tisa na meno meupe kama sahani, akahesabu farasi wake, wote wazima, akaja mlangoni kwa Osla na nusu chupa ya wiski.

"Jirani," alisema, na meno yakagonga, kwa kuwa hayajamzoea. "Naona yale yamekwisha, basi. Tumeelewana."

"Tumeelewana nini?"

"Si umewalisha."

"Nimewalisha. Na lango?"

Ertie alitazama kofia yake. "Lango... majani bado machanga kule. Tungoje. Kiangazi tutaongea."

"Maji yanapwa kila siku mara mbili, Ertie. Hayangoji kiangazi."

"Wewe nawe! Mtu kaleta wiski, unamletea maji kupwa."

"Haya," Osla alisema. "Kiangazi tutaongea."

Akaipokea chupa. Ertie alikwenda zake akipiga mluzi, au akijaribu, kwa meno yale. Hapo ndipo alipokosea. Angeyasikia vizuri maneno hayo mawili, angemhamishia Jarli chumbani mwake.

Osla alingoja, na kila asubuhi akamrushia Jarli nyasi juu ya ukuta. Machi ikapita, Aprili ikapita, na mvua zake za mawe. Alingoja mpaka kondoo walipozaa, mpaka manyoya ya baridi yalipoanza kumtoka Jarli kwa mafungu na upepo ukawa wa kumpendeza mnyama. Mei ilipokuwa katikati, Jumapili jioni, Ertie akiwa kanisani anaimba kwa meno mapya, Osla alivuka ukuta na kipande cha karoti. Jarli alimjia mwenyewe. Miezi mitatu ya nyasi zake, kwa nini asije?

Ilichukua muda mfupi kuliko kumnyoa kondoo. Kra, kra, kra. Aliukata sawasawa chini kidogo ya mfupa, ukabaki kama fagio lililochakaa. Akampa karoti. "Nzi watakusumbua, hilo naliomba radhi," alimwambia. "Nitakupaka mafuta." Naye alimpaka, kiangazi chote.

Kisha akaketi ukutani juani akasuka. Vidole vyake havikusahau. Babake alikuwa mvuvi. Akapata kamba nyeusi, nene kama kidole gumba, urefu wa mtu na nusu. Akalivunja kufuli kwa mtaimbo, akalivuta lango mpaka likagusa ukuta, akalifunga hapo wazi kwa ile kamba, fundo la wavuvi, lile ambalo likinyeshewa halifunguki tena ila kwa kisu.

Kufuli alimpa Gina, waliyekutana naye njiani. Gina alilipima mkononi, akalitia kwenye mkoba wa kanisani, asiulize kitu.

Asubuhi ya Jumatatu Ertie alinyoosha mkono kwenye glasi yake ya meno na vidole vyake vikagusa chuma cha kufuli.

Alipochungulia nje alimwona Jarli. Alifika kwa Osla hana meno, suruali juu ya nguo ya kulalia, uso mwekundu.

"Umemkata mkia farasi wangu!"

"Nimemkata."

"Mkia ule! Agosti hii! Ungejua unachukua miaka mingapi kuota!"

"Mitatu," Osla alisema. "Labda minne. Rosna je, anachukua mingapi kuota?"

Ertie alijipangusa mdomo wake mtupu kwa mkono wa nguo ya kulalia.

"Nenda kashitaki," Osla aliendelea. "Nenda dukani, nenda kanisani, waambie. Mimi nami nitakuja niwasimulie nyasi za nani zilimweka Jarli hai. Na lango likitaka kufungwa, kata hiyo kamba. Kisu si unacho."

Alikuwa nacho. Gina aliyeona yote kutoka dirishani anasema alikwenda langoni, akakitoa, akaishika kamba mkononi. Singa za Jarli, zilizochanwa miaka minane. Alisimama na kisu chake mpaka maji yakapwa.

Farasi wakaja mstari mmoja, wa Osla na wake, wakampita kushoto na kulia kana kwamba ni nguzo, wakashuka kwenye mwani. Jarli alikuwa mbele, fagio lake juu. Ertie akakirudisha kisu mfukoni, akaenda nyumbani kutafuta meno.